Viti Kwanza, Sofa Itasubiri

Kwa nyie mliotua Agosti hii, karibuni Minnesota na poleni na safari. Kwa sisi wakongwe ambao tumeshahama nyumba mpaka hatukumbuki anwani zetu za zamani, salaam pia. Mhariri aliniomba niandike juu ya maisha ya hapa, na najua alitegemea nitaandika juu ya baridi. Nitaandika juu ya fenicha. Msicheke. Kwenye baridi kila mtu alikuonya tangu nyumbani, hata shangazi yako ambaye hajawahi kutoka Morogoro alikuambia ununue koti. Lakini nani alikuonya kuhusu sofa?

Nianze na msimamo wangu kabisa, ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke na kitu. Ukipata fleti, nunua godoro jipya, meza, viti visivyopungua sita, na taa ya kusimama. Basi. Sofa iwe ya mwisho, na hata ukimaliza shule bila kuinunua hujapungukiwa kitu. Najua wapo watakaosema huyu naye katoka wapi, sebule bila sofa ni sebule gani. Tulieni, nitafika huko.

Nikitembelea wenzetu hapa Twin Cities, kuanzia Como na Dinkytown mpaka Brooklyn Park, naona makundi mawili. La kwanza ni kundi la "napita tu". Godoro liko chini. Kompyuta iko juu ya boksi. Masanduku mawili ya safari yamesimama ukutani, moja halijafunguliwa lote tangu siku ya kwanza. Ukimuuliza mwenyewe anakuambia, "Ah, ninunue vitu vya nini, mwakani naondoka." Haya, tupige hesabu. Digrii ya kwanza miaka 4. Ukimaliza unapata OPT miezi 12. Kama umesoma sayansi, uhandisi au hesabu unaweza kuongezewa miezi 24. Hiyo ni miaka 7. Mtoto aliyezaliwa siku ulipopanda ndege anaanza darasa la kwanza, na wewe bado unapita tu. Walioingia kwenye PhD sisemi, maana wengine wamepita mpaka wameota mvi.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hili, wala sioni aibu kusema. Nilifika Agosti 2016, na mpaka Januari 2019 fenicha yangu yote ilikuwa godoro moja, kiti kimoja cha kukunja, na kameza kadogo nilikookota. Nilijiona mjanja. Wenzangu wanalipa madeni ya makochi, mimi natuma hela nyumbani.

Wanaokumbuka wiki ya mwisho ya Januari 2019 wanajua. Tarehe 30 baridi ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa hesabu yao ya Farenhaiti, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa hesabu yetu, na chuo kilifuta masomo. Ndiyo wiki niliyopigiwa simu alfajiri na kaka yangu. Baba ametangulia. Viza yangu ilikuwa imekwisha muda. Ningeweza kutoka, lakini kurudi ningeanza kupanga foleni ubalozini, na sikujua ningeupata muhula au ningeukosa. Mama mwenyewe ndiye aliyesema baki, tutamzika, utakuja ukimaliza.

Sikumwambia mtu zaidi ya mwenzangu wa nyumba, Mkenya wa Nakuru. Yeye ndiye aliyewaambia watu. Jioni yake wakaanza kuja. Wabongo, Wakenya, Waganda wawili, Mkongo mmoja wa Bukavu ambaye nilikuwa namsalimia tu maktaba. Wengine walisukuma magari yaliyogoma kuwaka. Walikuja na chai kwenye chupa, mandazi, wali kwenye trei za foili, na bahasha. Kama watu ishirini hivi. Na mimi nilikuwa na kiti kimoja.

Sasa mtaniambia kwetu msibani watu hukaa chini. Kweli. Lakini kwetu kuna jamvi, kuna mikeka ya majirani, kuna turubai na viti vya kukodi, na mzee akifika kijana anasimama ampishe. Mimi sikuwa na hata mkeka. Watu walikaa kwenye zulia la mwenye nyumba, ambalo nalijua mimi lilivyo, na makoti yao wamevaa kwa sababu hita ilikuwa imezidiwa. Alikuja mama mmoja wa Kikenya kutoka Brooklyn Park, mtu mzima, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ametoka zamu ya usiku hajalala. Magoti yake mabovu. Kile kiti kimoja alikuwa amekalia mchungaji, naye alipotaka kumpisha, mama akakataa kabisa, eti hawezi kumsimamisha mtumishi. Akaangalia huku na huku, akalivuta sanduku langu la safari, akalilaza, akakaa juu yake. Alikaa hapo saa nne nzima. Alipotaka kuinuka ilibidi tumshike huku na huku, akacheka akasema, "Usijali baba, sanduku lako ni imara."

Sanduku lenyewe ndilo lile ambalo sikuwa nimelifungua lote kwa miaka miwili na nusu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kununua viti.

Chuo Kikuu cha Minnesota kina ghala linaloitwa ReUse, huko 29th Avenue Southeast, pembeni ya Como. Ofisi za chuo zikibadilisha fenicha, ile ya zamani inapelekwa huko, na kuna siku raia wa kawaida wanaruhusiwa kuingia kununua. Kwa miaka mingi imekuwa Alhamisi, ulizeni kwanza kabla ya kwenda. Pale utakuta meza za maabara, makabati ya chuma, viti vya madarasani ambavyo vimekaliwa na vizazi na vizazi vya wanafunzi na bado havijalegea. Nilichukua viti sita vya kupanga kimoja juu ya kingine, na meza moja nzito ya mbao. Vyote pamoja vilinigharimu chini ya kile nilichokuwa nalipa simu kwa miezi miwili. Vile viti sita ukivipanga vinakaa kwenye kona nafasi ya kiti kimoja. Siku za kawaida huvioni. Siku ya wageni unavishusha.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya fenicha, kwa kuchelewa. Wewe mwenyewe peke yako unahitaji vitu vichache sana. Unaweza kula umesimama jikoni, unaweza kusoma kitandani. Viti ni vya watu wengine. Na hapa ugenini, ambapo hakuna baraza ya nje wala kibambaza cha kuegemea wakati wa baridi, usipokuwa na pa kumkalisha mtu hatakuja, au atakuja mara moja tu. Miezi mitano ya mwaka nje hapakaliki. Huko Lamu au Ng'ambo mtu anapita anakuta wenzake barazani anakaa, hakuna aliyemwalika. Hapa baraza ni meza yako ya kulia, usipoinunua huna.

Kundi la pili ni kundi la "seti". Hawa ni wale ambao wakipata tu kazi, au wakipata tu kadi ya mkopo, wanakwenda kwenye duka kubwa la fenicha na kutoka na seti ya ngozi ya viti saba, rangi ya kahawia, mikono mipana kama kitanda cha mtoto. Inajaza sebule mpaka mlango wa kabati haufunguki. Kisha picha inapigwa, inatumwa nyumbani, na nyumbani wanajua kijana kafika. Naelewa. Sote tumekulia kwenye nyumba zenye sebule ya wageni ambayo watoto hatukuruhusiwa kuikanyaga, sofa zimevaa vitambaa vya kufuma, na kwa baadhi yetu lile nailoni la dukani halikutolewa mpaka lilipochanika lenyewe. Sofa kwetu siyo kiti, ni cheti.

Tatizo ni jinsi cheti hicho kinavyolipiwa. Duka linakuambia miezi 12 bila riba. Tuseme seti ni dola 1,800. Ukigawa kwa 12 ni dola 150 kwa mwezi. Lakini karatasi ya bili inayokuja kila mwezi inakuomba kiasi cha chini tu, tuseme dola 50, na wewe unalipa hiyo 50 kwa raha zako ukidhani mambo safi. Mwezi wa 12 unaisha, bado unadaiwa 1,200. Hapo ndipo unaposoma yale maandishi madogo. Riba ya mwaka mzima ilikuwa inahesabiwa kimya kimya tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa hukumaliza deni, yote inashuka kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki ndani ya chuo muhula ukiendelea. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi za kuosha vyombo mgahawani hizo, kwa ajili ya kochi.

Kuna na yale mapatano ya kukodi mpaka kitu kiwe chako, unalipa kila wiki kidogo kidogo. Hapa Minnesota tuna bahati. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo hili, katika kesi ya Miller dhidi ya Colortyme, iliamua kwamba mapatano ya namna hiyo ni mauzo ya mkopo, kwa hiyo lazima yafuate sheria za riba za hapa. Majimbo mengi mengine yanayaona ni kodi tu, na bei ya mwisho inaweza kuzidi ya dukani mara mbili au zaidi. Mwenye ndugu huko, amwonye.

Basi mtu anakimbia deni, anakimbilia cha bure. Na cha bure kipo, tena kingi. Mitaa ya Marcy-Holmes, Como na Dinkytown mikataba mingi ya pango inaisha tarehe 31 Agosti na mipya inaanza tarehe 1 Septemba. Siku hizo mbili ukipita mtaani utadhani kuna watu wamefukuzwa mjini. Makochi, meza, makabati, magodoro, taa, vyote viko nje ukingoni mwa barabara. Mgeni akiona kwa mara ya kwanza hawezi kuamini. Kitu ambacho fundi wa Keko angekitengeneza kwa wiki nzima kimetupwa, na mvua inakinyeshea.

Okoteni, sikatazi. Okoteni mbao, chuma, plastiki na kioo. Kitu chochote chenye kitambaa na sponji kiacheni hapo kilipo. Nasema hivyo kwa sababu ya kunguni. Ndiyo, kunguni, wale wale tuliowakimbia bwenini. Marekani wapo, na fleti ikishaingia kunguni hakuna raha tena. Mwenzangu yule wa Nakuru aliwahi kuokota kochi zuri kweli, la kukunjua likawa kitanda. Baada ya wiki tatu tukaanza kuamka na mistari ya uvimbe mikononi. Akaja na wazo la kitaalamu: tulitoe kwenye roshani usiku mmoja wa Januari, baridi itawaua wote. Tukalitoa. Tukalirudisha asubuhi tukishangilia. Kunguni nao walirudi wakishangilia.

Baadaye nikasoma walichoandika watafiti wa wadudu wa chuo chetu hiki hiki, maana hapa kuna watu wamesomea kunguni. Mdudu huyu anavumilia baridi kali kwa muda mfupi. Ili afe yeye na mayai yake inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa muda wa siku kama nne mfululizo, tena baridi hiyo ifike mpaka ndani kabisa ya kitu chenyewe. Katikati ya sponji ya kochi kuna joto lake. Usiku mmoja haumfanyi kitu. Nguo na mashuka ni rahisi zaidi, mashine ya kukaushia kwenye moto mkali inawamaliza. Lakini kochi huwezi kulitia kwenye mashine. Lile letu lilirudi barabarani, na nililichana kitambaa kwa kisu na kuandika kwa maandishi makubwa kwamba lina kunguni, ili mwenzangu mwingine asije akalibeba. Nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Ndiyo maana nikasema godoro liwe jipya. Hapo usibane hela. Bane kwenye vingine vyote.

Nisisahau, kuna shirika linaitwa Bridging, lilianzishwa mwaka 1987 na mzee Fran Heitzman, lina maghala Bloomington na Roseville. Wanatoa fenicha na vyombo kwa familia zinazoanza maisha upya, waliotoka kwenye ukosefu wa makazi, wakimbizi na kadhalika. Siyo kwa ajili yako wewe mwenye ada iliyolipwa. Lakini kama kanisani au msikitini kwenu kuna familia iliyofika kutoka Nyarugusu au Kakuma na watoto wanalala chini, mwambieni mhudumu anayeshughulikia faili lao. Lazima upelekwe na shirika au ofisi, huendi mwenyewe tu ukabisha hodi. Na ukihama ukiwa na meza nzuri usiyoitaka, wao wanapokea.

Sasa IKEA, maana najua mnasubiri. Ipo Bloomington tangu 2004, ng'ambo ya Mall of America, unaweza kwenda na treni ya Blue Line, ingawa kurudi na kabati ndani ya treni ni kesi nyingine. Wengine wanaiona kama duka la watu wenye akili, wengine wanaicheka kuwa ni mbao za karatasi. Wote wana ukweli kidogo. Kampuni ilianzishwa Uswidi na Ingvar Kamprad mwaka 1943, na hadithi yao maarufu ni kwamba katika miaka ya 1950 waling'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, wakaona kumbe ndiyo biashara yenyewe: mteja abebe, mteja aunge. Kwa mtu anayehama kila mwaka hilo ni jambo zuri. Shida ni mbao. Vitu vyao vingi vya bei nafuu ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi nyembamba. Ukiunga mara moja vinasimama vizuri. Ukivifungua ukahama ukaviunga tena, yale matundu ya skrubu yamelegea, na mara ya tatu rafu inaegemea upande kama mlevi wa Jumamosi. Maji yakimwagika vinavimba. Kwa hiyo ukienda pale, uliza kitu cha mbao tupu au chuma. Zile rafu za IVAR kwa mfano ni msonobari mtupu, hazijapakwa rangi, unaweza kuzifungua na kuzifunga, na unazipaka rangi uitakayo. Mimi zangu zimehama mara nne.

Kabla ya kununua chochote kikubwa chukua futi kamba. Siyo kupima sebule tu. Pima mlango wa nje, pima kona ya ngazi, pima mlango wa chumba. Fleti za zamani za matofali za hapa mjini ngazi zake zina kona kali. Jamaa mmoja wa Kampala, jina namsitiri, alinunua sofa ya watu watatu kwa mtu aliyekuwa anahama. Tulikwenda wanne kuibeba. Ghorofa ya pili kwenye kona ikakwama, haipandi haishuki. Majirani wakawa wanapita chini yake kama kwenye kipango. Mwishowe tulikata mguu mmoja kwa msumeno, na mpaka leo ile sofa imetegwa kwa kitabu cha kemia. Kanuni yangu ni hii: kitu ambacho watu wawili hawawezi kukishusha ngazi ya ghorofa ya tatu bila kupumzika, siyo cha mwanafunzi.

Kuhusu urembo. Maana najua akina dada mmesoma mpaka hapa mnajiuliza huyu anataka tuishi kama darasani. Hapana. Nyumba iwe ya kupendeza, tena sana, hasa huku ambako mwezi wa Desemba jua linachungulia chini ya saa tisa kwa siku. Ila urembo hauko kwenye seti. Anzeni na taa. Vyumba vingi vya fleti za hapa havina hata balbu darini, na mtu anaishi mwaka mzima na mwanga wa jikoni. Taa mbili za kusimama zenye mwanga wa manjano zinabadilisha chumba kuliko kochi la dola elfu moja. Kisha vitenge na kanga mlizojaziwa kwenye masanduku na mama zenu, ambazo mmezikunja mnaziogopa. Shoneni foronya za mito, tandikeni mezani. Viti vyangu sita vya chuo vilikuwa na rangi ya chungwa iliyopauka, ya kutisha. Dada mmoja wa Tanga akanishonea vikalio vya kitenge kimoja, vyote sare, na sasa kila anayeingia anauliza nimevinunua wapi.

Na tuwaangalie Wasomali, ndugu zangu, wametuzidi akili kwenye hili. Ukiingia kwenye fleti zao, hata zile za Riverside Plaza, yale maghorofa marefu ya Cedar-Riverside yaliyochorwa na Ralph Rapson na kufunguliwa 1973, unakuta chumba ambacho seti ya ngozi ingekalisha watu watano wao wanakalisha kumi na tano. Zulia zito ukuta hadi ukuta, magodoro membamba na mito imezunguka pembeni, katikati wazi. Nenda Karmel, kule kusini mwa Minneapolis, utakuta maduka ya mazulia, mapazia na mito hiyo. Wala siyo jambo geni kwetu. Nyumba za zamani za Lamu na Unguja hazikujaa viti. Zilikuwa na mikeka, kitanda cha kamba, kasha la nguo, zidaka ukutani za kuweka vyombo vya thamani, na labda kiti cha enzi kimoja, kile cha mpingo na nakshi za mfupa, kwa ajili ya mgeni wa heshima. Vitu vichache, kila kimoja kina kazi. Sijui ni nani aliyetudanganya kwamba ustaarabu ni viti saba vya rangi moja.

Fenicha moja tu ndiyo ninayojuta kutoileta, ni mbuzi. Ile ya kukunia nazi. Inakunjwa, unaikalia, inafanya kazi. Kila nikinunua nazi iliyokunwa ya kugandishwa kwenye maduka ya Waasia pale University Avenue, Saint Paul, naikumbuka. Lakini waza kumweleza ofisa wa uwanja wa ndege kile chuma cha meno ni cha nini.

Na kama mnaleta vitu vya mbao kutoka nyumbani, jihadharini. Hewa ya ndani wakati wa baridi hapa ni kavu kupita kiasi kwa sababu ya hita. Kigoda alichonipa bibi yangu, cha gogo moja, kilipasuka katikati mwezi wa kwanza tu, mlio wake niliusikia usiku nikadhani dirisha limevunjika. Usikiweke karibu na hita, na ukiweza weka bakuli la maji chumbani.

Neno kwa wanaojaza kontena. Kuna watu wananunua seti hapa ili waisafirishe Dar au Mombasa. Ndugu yangu, godoro la kwini la Marekani lina futi 5 kwa futi 6 na inchi 8. Kitanda chako cha tano kwa sita huko nyumbani hakilimezi, na mashuka ya Kariakoo hayalifuniki. Ule unga wa mbao nao ukikutana na joto na unyevu wa pwani hauna maisha marefu. Wakati huo huo Keko kuna fundi anakuchongea kitanda cha mninga ambacho watoto wako watakigombania. Nairobi nenda Ngong Road, Kampala nenda Nsambya. Jaza kontena vitabu, jaza vifaa vya hospitali, jaza hata matairi. Sofa hapana.

Mama yule wa Brooklyn Park amekuja kwangu mara nyingi tangu siku ile. Ana kiti chake, kile cha karibu na dirisha, nimekiongezea mto wa mgongo. Kila akiingia anauliza, "Na lile sanduku langu liko wapi?" Liko kabatini mama, nimelifungua.

Agosti hii nahama tena. Viti viwili nimeshawaahidi vijana wapya wa kutoka Bujumbura waliofikia hapa Como. Meza naenda nayo. Vimebaki viti vinne, na vikalio vyake vya kitenge. Anayevitaka aje mwenyewe na mtu wa kumsaidia, ni ghorofa ya tatu na lifti hakuna.